PDF zinarudi Edge kila nikiwasha kompyuta: nitumie programu gani kurekebisha?

Msomaji mwenye steshenari karibu na chuo, Morogoro, anauliza:

"Kompyuta yangu ya kazi ina Windows 10. Kijana anayenisaidia aliweka programu ya kufungulia zip aliyoipata kwenye flashi, na tangu hapo mambo yamevurugika. PDF za wateja zinafunguka kwenye Edge, wakati mimi nilikuwa natumia Adobe Reader. Picha zinafunguka kwenye programu nisiyoijua, imejaa matangazo. Faili za Publisher zinaniuliza nifungue na nini. Nikichagua upya inakubali, ila kesho yake nikiwasha imerudi kule kule. Fundi anasema tupige Windows upya. Mwingine amenipa programu ya kurekebisha file association. Niitumie hiyo, au kuna nyingine iliyo nzuri zaidi?"

Dada, usipige Windows upya kwa jambo hili. Faili zako ni nzima, na Windows yenyewe, kwa ulivyoeleza, ni nzima. Kilichovurugika ni maelekezo ya nani afungue nini. Kupiga upya kutaondoa tatizo, sikatai, ila kutaondoka pia na driver za printa, fonti ulizozikusanya na mipangilio yako yote, halafu siku kijana akiirudisha ile flashi mnaanza moja. Na hiyo programu uliyopewa iache kwanza. Uliyoyaandika yanaonekana kama tatizo moja, lakini mimi nayaona matatu, na zana ya kurekebisha association inatibu moja tu kati ya hayo.

Ukibofya mara mbili faili iitwayo Barua.pdf, Windows haitazami kilichomo ndani. Inatazama kiendelezi, yaani zile herufi baada ya nukta ya mwisho, halafu inakwenda kwenye rejista yake (registry, daftari lake la mipangilio) kuuliza herufi hizo ni za nani. Rejista inajibu kwa jina la aina ya faili, linaloitwa ProgID. Kwa Adobe Reader huwa ni AcroExch.Document.DC. Chini ya jina hilo ndiko ilikoandikwa amri yenyewe: programu iko folda gani, na alama ya %1 inayoshika nafasi ya faili uliyoibofya. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua Command Prompt uandike

assoc .txt

itakujibu .txt=txtfile. Kisha andika

ftype txtfile

nayo itakuonyesha njia ya kwenda NOTEPAD.EXE ikiishia na %1. Association ni hiyo tu, mistari miwili ya maandishi.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: programu yoyote iliyoingia kwenye kompyuta iliweza kujiandika yenyewe. Enzi za Windows XP programu za muziki zilikuwa zikinyang'anyana MP3 kila zinapofunguliwa. Kuanzia Vista, Microsoft wakaweka sehemu ya pili, ya mtumiaji binafsi, inayoitwa UserChoice, na hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Yaliyoandikwa kule kwingine husomwa tu pale ambapo UserChoice haipo. Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, wakaongeza ulinzi: pembeni ya jina la programu uliyoichagua inaandikwa Hash, mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutokana na kiendelezi, namba ya utambulisho ya akaunti yako, ProgID, muda wa kuandikwa, na maneno ya siri yaliyofichwa ndani ya Windows. Hash hiyo ni kama muhuri wa serikali ya mtaa kwenye barua ya utambulisho: barua anaweza kuiandika yeyote, ila ikiwa haina muhuri, au ina muhuri wa kuchonga, dirishani hawaipokei. Windows ikikuta Hash haiendani, inatupilia mbali chaguo hilo, inairudishia faili programu ya Microsoft yenyewe, na kwenye kona ya chini kulia kinatokea kijiujumbe kisemacho "An app default was reset".

Sasa zisome dalili zako upya kwa jicho hilo. PDF kuangukia Edge ni alama ya Windows kujirudishia. Kuna kitu kwenye kompyuta yako kinaandika kwenye rejista bila muhuri, Windows inakikataa, na inarudi kwa mtoto wake wa nyumbani, yaani Edge. Picha kuangukia programu ya matangazo ni habari nyingine kabisa: hapo kuna mtu alikubali. Programu mpya ikisajili viendelezi vya picha, Windows 10 humuuliza mtumiaji mara ya kwanza anapobofya picha, "How do you want to open this file?", na programu hiyo inakuwemo kwenye orodha ikiwa na neno New. Mteja amesimama kaunta anasubiri passport size, kijana anabofya ya kwanza anayoiona na kuweka tiki ya Always. Muhuri unagongwa kihalali. Windows haina sababu ya kuutilia shaka.

Kuhusu kurudi kila unapowasha, nina swali ambalo fundi wako angepaswa kukuuliza kabla ya kutaja bei. Tazama karibu na saa, chini kulia. Kuna kialama cha dubu? Steshenari na intaneti kafe nyingi zinafungiwa Deep Freeze, programu inayorudisha kompyuta kama ilivyokuwa kila inapozimwa na kuwashwa, na mara nyingi duka linauzwa au mhudumu anabadilishwa bila mtu kukumbuka kuisema. Kama dubu yupo, ukibadilisha association kwa zana yoyote duniani, kesho haipo. Haijaharibika chochote, ndiyo kazi yake. Inabidi uifungue kwanza: bonyeza Ctrl, Alt, Shift na F6 kwa pamoja, weka neno la siri, chagua Boot Thawed, fanya marekebisho yote, kisha uifunge tena. Neno la siri analo aliyeisakinisha, na huyo ndiye wa kumtafuta kabla ya fundi. Ila zingatia: kama dubu yupo na ile programu ya zip imebaki siku zote hizi, basi iliingia wakati kompyuta haijafungwa, au dubu yuko lakini amelegezwa, yaani yuko Thawed. Kialama chake kikiwa na msalaba mwekundu unaowaka na kuzima, ndiyo maana yake, na hapo sababu ya kurudi itafute kwingine.

Jingine dogo la kuangalia: akaunti. UserChoice ni ya kila mtumiaji. Kama wewe unaingia na akaunti yako asubuhi na kijana ana yake mchana, ulichokirekebisha kwako hakimfikii yeye.

Dubu asipokuwepo, mshukiwa ni ile programu ya zip na ndugu zake iliokuja nao. Kabla ya kugusa association hata moja, zitoe. Nenda Settings, kisha Apps, panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa, na uangalie vilivyoingia siku ile ile au karibu nayo. Mara nyingi utakuta si programu moja: kuna ya zip, ya picha, na kitu kinachojiita kisaidizi cha kivinjari. Ondoa zote. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua Startup, uone kama kuna iliyobaki inayojiwasha na Windows. Hiyo ndiyo inayokuandikia upya kila asubuhi. Mwisho piga full scan kwa Windows Defender. Kwa kufungulia zip hapo baadaye Windows yenyewe inatosha, na faili za RAR zikikusumbua chukua 7-Zip kutoka kwenye tovuti yake, haina matangazo na haidai hela.

Baada ya usafi huo ndipo unapoweka maelekezo, na zana ya kwanza ni Windows yenyewe. Bofya PDF yoyote kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open with, kisha Choose another app, teua Adobe Reader, weka tiki kwenye "Always use this app to open .pdf files", bonyeza OK. Kama Reader haionekani, shuka hadi More apps, kisha Look for another app on this PC. Ukitaka kuona orodha nzima, iko Settings, Apps, Default apps, na chini kabisa Choose default apps by file type. Hapo .jpg, .jpeg, .png na .bmp ni mistari minne tofauti. Ukirekebisha .jpg ukaiacha .jpeg, mteja mmoja picha yake itafunguka vizuri na anayefuata atakutana na matangazo, na utadhani tatizo limerudi. Kwenye ukurasa huo huo kuna kitufe cha Reset. Usikibonyeze. Kinarudisha kila kitu kwa Microsoft, na PDF zako zitarudi Edge kihalali kabisa.

Kwa mwenye steshenari kuna sababu nyingine ya kutaka PDF zitoke Edge, na hii watu hawaijui. Rejista haiandiki amri ya kufungua tu, ina pia amri ya kuprinti. Adobe Reader inasajili zote mbili, ndiyo maana ulikuwa unaweza kuchagua PDF kadhaa za mteja, kubofya kulia na kuagiza Print bila kufungua hata moja. Edge ikishika PDF, Print inatoweka kwenye menyu hiyo, kwa sababu yenyewe haikusajili amri hiyo. Na ukiwa bado una Reader lakini Print imetoweka, hesabu faili ulizochagua: zikizidi 15, Windows inaficha Open na Print kwa makusudi. Chagua kwa mafungu.

Hapa ndipo kubadilisha association kunapoleta faida ya kweli kwenye kazi yako. Unaweza kuongeza amri zako mwenyewe kwenye menyu ya kubofya kulia, na amri hizo hazihitaji muhuri, kwa hiyo hakuna atakayezirudisha nyuma. Mfano: sakinisha SumatraPDF, kisomaji chepesi cha bure kinachokubali kuprinti kwa amri. Kisha fungua Command Prompt ubandike mstari huu mmoja:

reg add "HKCU\Software\Classes\SystemFileAssociations\.pdf\shell\Printi nyeusi\command" /ve /d "\"C:\Program Files\SumatraPDF\SumatraPDF.exe\" -print-to-default -print-settings \"monochrome,fit\" \"%1\"" /f

Hakikisha kwanza Sumatra imekaa kweli kwenye folda hiyo. Ikisakinishwa kwa mtumiaji mmoja huenda kwenye AppData, na hapo utabadilisha njia. Ukimaliza, bofya PDF yoyote kulia: kuna maneno "Printi nyeusi" kwa Kiswahili chako. Ukiyabofya, karatasi inatoka kwenye printa yako kuu bila rangi, imetoshezwa kwenye ukurasa, hakuna dirisha la kuuliza maswali. Tengeneza ya pili, uiite "Printi pande mbili", uweke duplex mahali pa monochrome, kama printa yako inageuza karatasi yenyewe. Nimetumia SystemFileAssociations kwa makusudi. Amri iliyowekwa chini ya ProgID ya Adobe inafia pale PDF zinapohamia programu nyingine. Iliyowekwa hapa inafuata kiendelezi chenyewe, Adobe awepo asiwepo. Haihitaji hata haki za admini, kwani HKCU ni eneo lako. Ukitaka kuifuta, ni reg delete kwenye folda hiyo ya "Printi nyeusi" basi.

Wasiopenda kuandika amri, zana ninayoipendekeza ni FileTypesMan ya NirSoft. Ni faili moja ndogo isiyosakinishwa, inafunguka ikiwa na orodha ya aina zote za faili juu na amri za kila aina chini. Kwenye XP kulikuwa na ukurasa wa File Types ndani ya Folder Options uliofanya kazi hii. Vista ukaondolewa, na FileTypesMan imeziba pengo hilo. Inafaa kubadilisha ikoni, kuhariri amri, kuficha amri zilizojazana kwenye menyu, au kulazimisha kiendelezi fulani kionekane daima. Kazi yake hasa iko upande wa ProgID. Usiitarajie ikupigie muhuri. Ipakue kwenye tovuti ya NirSoft yenyewe, usichukue kwenye flashi ya mtu, na usishtuke antivairasi ikinung'unika: mtengenezaji huyo huyo ana zana za kusoma neno la siri lililohifadhiwa kwenye kompyuta, na baadhi ya antivairasi huzitilia shaka zote kwa jumla. Zaidi ya hiyo ana OpenWithView, ya kusafisha orodha ya Open with iliyojaa programu zisizohitajika.

Utakutana pia na Default Programs Editor, mafundi wengi bado wanaibeba. Ilikuwa nzuri mno enzi za Vista na Windows 7, ina sura rahisi kuliko FileTypesMan. Lakini ilitengenezwa kabla ya muhuri. Ukiitumia kubadilisha programu kuu kwenye Windows 10, ama haibadiliki ama unajiletea ile ile "An app default was reset". Kwa programu yoyote ya kurekebisha association unayopewa, uliza hilo kwanza: ni ya kabla ya 2012 au baada yake? Hiyo ya kwako sijui jina lake, umesema tu umepewa, na hilo peke yake linanitosha kukuambia uache. Zana inayoomba haki za admini ili iandike kwenye rejista, isiyojulikana mtengenezaji wala tovuti, imekuja kwa njia ile ile iliyoleta tatizo. Zile zinazojitangaza kusafisha rejista nzima na kukutisha kwa "makosa 1,200 yamepatikana" ndizo mbaya zaidi. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono matumizi ya visafisha rejista.

Kuna zana moja inayojua kugonga muhuri halali: SetUserFTA, ya Christoph Kolbicz, aliyechambua jinsi Hash inavyokokotolewa na kutoa zana yake mwaka 2017. Unaandika SetUserFTA .png na ProgID, inafanya kama vile umechagua mwenyewe kwa mkono. Kwa kompyuta moja ya kaunta hiyo ni nyundo ya kuulia mbu, ila mwalimu mwenye maabara ya kompyuta 40 anaihitaji. Hata hivyo mwaka 2024 Microsoft waliingiza kupitia masasisho kilinzi kinachoitwa UCPD, ambacho kinazuia programu nyingine kuandika UserChoice ya .pdf na ya viungo vya http na https. Ukiniuliza, kuchagua PDF na kivinjari, mahali ambapo Edge ndiyo inayofaidika, kunanipa mashaka kidogo kama lengo lilikuwa usalama mtupu. Mwenye maabara anaweza pia kupanga kompyuta moja vizuri na kuchukua nakala kwa amri ya Windows, dism /online /export-defaultappassociations:C:\mpangilio.xml, kisha kuipeleka kwa nyingine kwa import. Ajue tu kwamba inashika kwa akaunti mpya zinazoingia mara ya kwanza, za zamani haziguswi.

Jambo la tatu kwenye swali lako ni Publisher, nalo halina uhusiano na mengine. Faili ya .pub inakuuliza nifungue na nini kwa sababu, nakisia, Publisher haimo kwenye kompyuta hiyo, au iliondoka wakati Office inabadilishwa. Association haiwezi kuelekeza kwa programu isiyokuwepo. Usikubali kuweka Always kwenye Word, itafungua vurugu au haitafungua kabisa, na baadaye ikoni ya Word kwenye kila faili ya .pub itawadanganya wote. LibreOffice Draw inazisoma .pub, japo mpangilio wa kadi ya harusi yenye maua pembeni unaweza kuhama. Microsoft wametangaza kwamba Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo anza sasa kuwazoesha wateja wa kadi na vipeperushi wakuletee PDF.

Wateja watakuletea mengine yanayofanana na haya. HEIC, picha za iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017: hapo tatizo ni Windows kukosa uwezo wa kuisoma, unaongeza HEIF Image Extensions na HEVC Video Extensions kutoka Microsoft Store. Kisha kuna zile hati za WhatsApp zinazofika zikiitwa DOC-20240311-WA0007 na nukta, bila herufi yoyote baada yake. Hapo Windows haina cha kuulizia. Kwanza wezesha viendelezi vionekane: kwenye File Explorer, View, weka tiki File name extensions. Kisha fungua faili hiyo kwa Notepad utazame herufi za mwanzo tu. Ikianza na %PDF ni PDF. Ikianza na PK ni docx, xlsx au zip, kwa kuwa faili za Word za siku hizi ni zip iliyovaa jina jingine. Ukiona neno PNG mwanzoni ni PNG, JFIF ni picha ya JPEG. Funga bila kuhifadhi, badilisha jina, ongeza kiendelezi sahihi. Na mteja aliyegeuza jina la CV.docx kuwa CV.pdf akidhani ameibadilisha, mwambie kwa upole. Amebadilisha jina tu, na Adobe itakataa.

Kuonyesha viendelezi kuna faida nyingine kwa duka linalopokea flashi za watu mchana kutwa. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa kujiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, Windows ilificha .vbs, watu wakaona barua ya TXT. Hila hiyo bado inafanya kazi. Kwa hiyo wakati uko kwenye Default apps, tafuta .vbs, .js, .wsf na .hta, zote zielekeze Notepad. Kijana akibofya mara mbili kitu cha ajabu, kitafunguka kama maandishi badala ya kutendeka. Duka la kuprinti halina kazi yoyote halali na viendelezi hivyo. Sitaki udhani umepona kabisa, maana vile virusi vinavyogeuza folda za flashi kuwa shortcut huwa vinaita wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha faili za aina hiyo, moja kwa moja na kuruka association. Lakini umefunga mlango mmoja bila senti.

Na ukija kukuta siku moja ikoni zote za desktopu zimegeuka sura moja, kila unachobofya kinafungua Notepad au VLC, usipige kelele wala Windows. Mtu ameweka Always kwenye shortcut, yaani .lnk. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika regedit, fuata HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.lnk, ufute folda ya UserChoice iliyo ndani yake, kisha toka na uingie tena kwenye akaunti.

Fanya kwa mpangilio huu: dubu, kutoa programu, Startup, Defender, ndipo Always. Zima kompyuta, iwashe, jaribu PDF na picha. Kama PDF imerudi Edge tena, usiendelee kuchagua upya. Fungua Command Prompt, andika

reg query HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.pdf\UserChoice

na uniandikie jina linalotokea mbele ya ProgId, pamoja na orodha ya vilivyomo kwenye Startup. Kwa hayo mawili nitakuambia ni programu gani inayokuchezea.